Kupiga Mbizi Mafia: Tafuta Upepo na Maji Kwanza, Hoteli Baadaye

Kila nikirudi kutoka Mafia napigiwa simu na watu wanaotaka kwenda, na karibu wote huanza na hoteli. Ipi nzuri, ipi nafuu, ipi iko karibu na ufukwe. Nami huwauliza: likizo yako iko mwezi gani, na siku hizo bamvua itakuwa lini? Anayekwenda Mafia kupumzika tu anaweza kuanza na kitanda. Anayekwenda kupiga mbizi aanze na upepo, kisha maji, ndipo atafute pa kulala.

Upepo ni rahisi kuueleza. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Kaskazi huingia Desemba na kukaa mpaka Machi. Wakati wa kusi, upande unaotazama bahari kuu hupigwa na mawimbi makubwa, na boti hubaki ndani ya Ghuba ya Chole inayokingwa na visiwa vya Juani na Jibondo. Utapiga mbizi, lakini ndani tu. Aprili na Mei sikushauri kabisa. Masika yananyesha, Mto Rufiji unamwaga tope lake upande wa pili wa mlangobahari, na nyumba nyingi za wageni hufungwa. Mimi napenda Oktoba na Novemba, wakati wa maleleji, kusi imechoka na kaskazi haijashika. Bahari hutulia, boti zinaweza kutoka nje ya ghuba hadi ukuta wa Dindini, na papa potwe wanakuwa wameanza kuonekana Kilindoni. Februari nayo ni nzuri, na maji yake yana joto zaidi.

Maji ndiyo yenye mambo. Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Ghuba ya Chole ni pana, na maji yote hayo huingia na kutoka kupitia milango michache kati ya miamba. Mlango ambao wapiga mbizi wanaujua zaidi ni Kinasi. Maji yanayoingia yanatoka bahari kuu, safi, ya buluu, na macho yanafika mbali. Yanayotoka yanabeba mchanga na uchafu wa mikoko na majani ya bahari, na mkondo wake unakusukuma nje, kwenye kina. Kwa hiyo Kinasi huingiwa wakati maji yanajaa au yamesimama. Hakuna mwongozaji mwenye akili timamu atakayekushusha pale maji yakiwa yanatoka kwa nguvu.

Hapa ndipo kalenda ya mwezi mwandamo inapokuwa na kazi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa saa nne asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa asubuhi, saa nne hivi, tena taratibu. Ndiyo maana mimi hupanga safari iangukie maji mafu na siku mbili tatu zinazofuata. Unapiga mbizi asubuhi, jua likiwa zuri, mkondo ukiwa mpole, na mchana unabaki wako. Kwa mwanafunzi wa kwanza naona huu si uchaguzi, ni lazima.

Nahodha wa boti ninayopanda Utende ni mzee ambaye kwanza namwamkia shikamoo, ndipo tunaongea mengine. Asubuhi moja wenzangu wawili walikuwa bado mezani. "Marahaba, mwanangu," akasema akiwa anatazama maji, si saa. "Waambie wenzio maji yanaanza kutoka saa tano. Chai ipo hata mchana." Saa tatu na nusu tulikuwa tumeshavaa mitungi.

Tulishuka kando ya ukuta wa Kinasi, tukiacha mkondo utupeleke ndani ya ghuba. Baada ya mita kumi na kitu rangi nyekundu hupotea, kila kitu kinakuwa buluu na kijivu, mpaka umulike tochi ndipo matumbawe yanarudisha wekundu na zambarau yake. Kwenye uwazi mmoja wa mwamba alikuwapo chewa mkubwa mwenye mabaka meusi, urefu wake unakaribia wa mtu mzima. Alikuwa ameachama. Samaki wawili wa buluu, wembamba, wenye mstari mweusi ubavuni, wasiozidi kidole changu, walikuwa wanaingia kinywani mwake na kutokea kwenye matamvua, wakila wadudu na mabaki ya chakula. Chewa yule angeweza kuwameza kwa pumzi moja. Alitulia tuli, akifungua matamvua upande mmoja, kisha upande wa pili. Tulibaki mbali kidogo, magoti yamekunjwa, mikono kifuani, mpaka mwongozaji alipoonyesha geji yake ya hewa.

Kuhusu geji, nieleze hesabu moja ambayo kila anayeanza aijue. Mtungi haubebi oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani. Ni hewa ya kawaida, hii tunayovuta hapa juu, iliyosindikwa. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una lita 2,400 za hewa. Juu ya maji, mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika. Lakini kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo kwa kiasi sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo kwenye mita 20 kila pumzi inachukua hewa mara tatu, yaani lita 60 kwa dakika. Ukitaka kurudi juu na baa 50 za akiba, kama inavyotakiwa, una dakika 30. Mwenye hofu anayehema haraka ana chache kuliko hizo. Kupumua polepole, kwa kina, bila kukatisha, ndiyo stadi ya kwanza na ya mwisho.

Na usizuie pumzi kamwe. Sheria hii haina msamaha. Hewa uliyovuta kwenye mita 10 hupanuka mara mbili ukifika juu, na mapafu yaliyofungwa hayana pa kuipeleka. Masikio nayo yasawazishe mapema, kila mita moja au hata chini ya hapo: bana pua, puliza kidogo, bila nguvu. Yakiuma, panda kidogo ujaribu tena. Ukiwa na mafua, siku hiyo baki ufukweni. Kupanda kuwe polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na kwenye mita 5 simama dakika 3. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inahitaji muda wa kutoka. Ukiikimbiza inageuka mapovu kwenye damu na maungio, na hapo unazungumzia hospitali.

Kozi ya awali inakupa cheti cha kushuka hadi mita 18. Anayetaka kuonja tu, bila cheti, hushushwa na mwalimu hadi mita 12. Umri wa chini kwa kozi hiyo ni miaka 10. Utajaza fomu ya afya, na uijaze kwa ukweli: pumu, moyo, upasuaji wa masikio, ujauzito. Kisha utatakiwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Hapo wenzetu wengi hukwama, maana kuna watu wamekulia Dar, wanaiona bahari kila siku, na hawajawahi kufundishwa kuogelea. Nakuomba, jifunze kwanza. Tafuta bwawa na mwalimu, ujipe miezi michache, ndipo ulipie kozi.

Kabla hujalipa popote, uliza maswali matatu. Je, kwenye boti kuna oksijeni ya dharura? Kila mwongozaji anachukua watu wangapi? Mtungi umekaguliwa lini? Tarehe ya ukaguzi hupigwa chapa kwenye shingo ya mtungi, unaweza kuisoma mwenyewe. Kuna kituo kimoja, kisiwa kingine, ambapo niliambiwa oksijeni si muhimu kwa kuwa hatuendi mbali. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka. Uliza pia bei ya mkaazi, kwa sababu kiingilio cha hifadhi kwa Mtanzania ni cha chini sana kuliko cha mgeni, na vituo kadhaa vina bei ya wenyeji ambayo hawaitangazi.

Kiingilio hicho kina sababu. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na ina kilomita za mraba 822. Vijiji vimo ndani yake na watu wanavua humo, ila kwa masharti yanayotofautiana kutoka eneo hadi eneo. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe yakafukuza vijimea vinavyoyalisha, yakapauka, na sehemu kubwa ikafa, Mafia ikiwamo. Ukipiga mbizi leo unaona mashina ya zamani yaliyogeuka kifusi, na juu yake matawi mapya yaliyoota. Tawi lililochukua miaka kufika hapo linavunjwa kwa pezi moja lililorushwa ovyo. Kwa hiyo jifunze kuelea bila kugusa kabla ya kununua kamera. Acha glavu nyumbani: asiye na glavu hashiki vitu ovyo. Na usiokote hata ganda tupu, kuna kaa atakayelihitaji.

Potwe ni habari nyingine, na hao huwatazami kwa mtungi. Wako upande wa Kilindoni, kati ya Oktoba na Februari au Machi, wakifuata uduvi na viluwiluwi vidogo vya baharini karibu na uso wa maji, mara nyingi palepale wavuvi wa dagaa wanapotega. Unaingia na miwani, mrija na mapezi. Mtoto wa potwe hapo ni mita kadhaa, na madoa yake hayafanani na ya mwingine, ndivyo watafiti wanavyowatambua mmoja mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia vifaa vya mawimbi ya sauti vilivyofungwa kwenye samaki hao, ulionyesha kuwa wengi hawaondoki Mafia msimu ukiisha. Wanakwenda kwenye kina na mbali kidogo na pwani, nje ya macho yetu. Kaa ubavuni, mita tatu au nne, usimkate njia, usimguse, usipige mwako wa kamera. Boti zikijaa juu ya samaki mmoja, mwambie nahodha asubiri au aende kwingine. Mimi hufanya hivyo kila mara na sijawahi kunyimwa.

Kufika ni kwa ndege ndogo kutoka Dar, nusu saa na kidogo, au kwa gari hadi Nyamisati kisha kivuko mpaka Kilindoni. Ndege ina sharti lake wakati wa kurudi. Ukishapiga mbizi siku kadhaa mfululizo, acha angalau saa 18 kabla ya kupanda, hata kama ndege ni ndogo na safari fupi, kwa sababu mgandamizo wa hewa hupungua kule juu na naitrojeni iliyobaki mwilini haijali urefu wa safari. Kivuko hakina tatizo hilo. Siku ya mwisho vuka kwenda Juani ukaone magofu ya Kua, au panda mtumbwi uende Chole, na mtungi uache kituoni.

Kama likizo yako ni Oktoba au Novemba, fungua kalenda ya mwezi leo, tafuta siku za maji mafu, kisha piga simu kuulizia nafasi. Siku hizo hujaa mapema.