SOMO: Betri ya Umeme wa Akiba katika Ofisi ya Chama

Vyama vingi vya msingi sasa huandika uzito wa mazao ya wanachama katika kompyuta. Umeme ukikatika karani akiwa katikati ya kazi, maandishi ambayo hayajahifadhiwa hupotea, na mkulima aliyekwisha kupimiwa kahawa yake hubaki na neno lake tu mbele ya neno la karani. Ndiyo sababu vyama hununua kifaa cha umeme wa akiba, ambacho mafundi hukiita yupiesi. Lakini kifaa hicho si kitu pasipo betri iliyomo ndani yake, na betri ndiyo hufa kwanza, tena hufa kimya. Taa ya kijani huendelea kuwaka, kwa kuwa katika vifaa vingi huonyesha tu kwamba umeme wa ukutani upo. Halmashauri huamini kuwa ina akiba, kumbe haina.

Betri nyingi za vifaa hivi ni za risasi na tindikali, za namna ile aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ila zimefungwa kabisa na hazitiwi maji. Betri inapotoa umeme, mabamba yake hufunikwa na chumvi laini ya risasi. Ikichajiwa mapema, chumvi hiyo huondoka na mabamba hurudi kama yalivyokuwa. Ikiachwa majuma mengi bila chaji, chumvi hugeuka kuwa chembe ngumu zisizoondoka tena, na sehemu ile ya bamba huwa imekufa. Hapa ndipo ofisi nyingi hujidhuru kwa nia njema. Karani huzima swichi zote ukutani kila jioni ili kupunguza gharama. Msimu ukiisha, kifaa hufungiwa kabatini kwa miezi kadhaa. Umeme unaookolewa hivyo ni wa senti chache, na betri inayoharibika ni ya fedha nyingi. Yafaa kompyuta izimwe, bali kifaa kiachwe kwenye umeme usiku na mchana.

Joto ni adui wa pili. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyongeza ya nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hukata maisha ya betri kwa nusu. Betri ambayo ingedumu miaka 4 yaweza kudumu 2 tu chini ya bati lenye nyuzi 35. Kifaa kiwekwe mbali na jua, penye hewa. Kitambaa cha kufuma, ambacho hupendeza juu ya redio, hakifai juu ya kifaa hiki.

Ugonjwa wa betri hujulikana kwa kuijaribu. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya msimu wa ununuzi na baada yake, karani ahifadhi kazi zote, achomoe kifaa ukutani, na ahesabu dakika hadi kitoe mlio wa mwisho. Mzigo uwe uleule kila mara, na dakika ziandikwe katika daftari la mali ya chama. Mafundi huihesabu betri kuwa imezeeka uwezo wake ukishuka hadi asilimia 80: kama ilipokuwa mpya ilidumu dakika 20, basi zikifika 16 ni wakati wa kuibadili. Chama chenye fedha haba chaweza kuona ni mapema mno, lakini baada ya hapo uwezo huporomoka upesi. Betri iliyovimba isingojewe hata siku moja.

Kazi ya kubadili yampasa fundi. Kifaa huzimwa na kuchomolewa kwanza. Pete na saa huvuliwa, maana chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja hupata moto papo hapo. Waya wa hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho. Betri mpya ilingane na ya zamani kwa volti, ampea-saa na umbo. Zikiwa mbili au zaidi, zibadilishwe zote pamoja, kwani kuukuu huidhoofisha mpya. Betri ya gari isiunganishwe, ingawa wako wanaoshawishi hivyo: chaja ya kifaa haikuundwa kwa ajili yake, na nyingi hutoa gesi ya haidrojeni iwezayo kulipuka chumbani.

Betri kuukuu isitupwe wala kuvunjwa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Mahakama ya Juu ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2024. Irudishwe kwa muuzaji au kwa mnunuzi mwenye kibali.

Fedha za betri ziingizwe katika makadirio ya mwaka wa tatu baada ya ununuzi. Haifai kununua za ziada na kuziweka ghalani, maana betri isiyotumika nayo hupungukiwa na chaji, na hutaka kuchajiwa kila miezi 6, au mapema zaidi penye joto.