Somo la Ufundi: Kushusha Volti za Betri Bila Kuchoma Simu



Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa na biashara ya kuchaji simu kwa betri ya sola ya volti 12. Siku moja kisanduku kikaungua, volti zote 12 zikapita mpaka kwenye simu za watu. Pesa za kulipa zilitoka kwa mwekahazina. Basi tujifunze kilichotokea.

Simu inataka volti 5. Kuna kidude cha miguu mitatu, 7805, kinachoshusha volti. Lakini chenyewe hubeba ampea 1 hivi. Simu sita, kila moja nusu ampea, ni ampea 3. Kwa hiyo fundi huongeza transista kubwa kama MJ2955. Emita hushika waya wa betri, kolekta hushika upande wa volti 5, na besi huunganishwa mguu wa kuingilia wa 7805. Kati ya emita na besi weka rezista ya omu 3. Umeme ukifika robo ampea hivi kwenye rezista, transista huamka na kubeba uliobaki.

Sasa hesabu ambayo wengi huiruka. Volti 12 toa 5 ni 7. Mara ampea 3, ni wati 21 za joto tupu! Jua likiwaka betri hufika volti 14, basi joto linafika 27. Hicho ni kama chuma cha fundi cha kuchomelea risasi, kimefungiwa ndani ya sanduku. Na simu zenyewe zinapata wati 15 tu. 7805 hujizima ikipata moto, lakini transista haijui kujizima. Ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imeachia njia wazi.

Kwa hiyo ifunge juu ya bamba nene la aluminiamu lenye mapezi, nje ya sanduku. Katikati weka karatasi ya maika, maana mwili wake ni kolekta. Fyuzi ya ampea 5 ikae karibu na betri.

Kwa kujifunza, tengenezeni hii. Kwa biashara, mimi ningenunua ile aina inayokatakata umeme: kwa kazi ileile huvuta wati 18 hivi badala ya 36.

Kabla ya kuweka simu ya mtu, jaribuni na taa tatu za breki za gari za wati 21. Kwa volti 5 kila moja huvuta ampea moja na kidogo. Washeni moja moja, taa baridi huvuta sana mwanzoni. Ngojeni nusu saa, halafu pimeni volti tena.