KIJANA ANAYEKATAA KUPIGANA: KIKUNDI KIMSAIDIEJE?



Somo la leo ni zito, lakini tusilikwepe. Watu wa Tana River hawajasahau mwaka 2012. Tarehe 22 Agosti watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa, wengi wao akina mama na watoto. Mwezi Septemba Kilelengwani ikawaka, na hata askari polisi waliuawa. Tarehe 21 Desemba ikawa zamu ya Kipao. Hayo yalikuwa huko chini delta, kati ya Wapokomo na Waorma. Huku kwetu juu, Oktoba 2024, serikali ilitangaza Bangale na sehemu nyingine kuwa maeneo ya fujo na hatari, ikaamuru wenye silaha wazisalimishe.

Wakubwa huzungumza juu ya ardhi, malisho na malka, zile njia za mifugo kwenda mtoni. Ni kweli, chanzo ni hicho. Lakini anayetumwa usiku ni kijana. Basi tumwangalie yule ambaye hataki kwenda.

Tuseme ana miaka 20, hana mifugo yake, kazi ni ya kubahatisha. Jioni wenzake wanamfuata: kesho tunalipiza. Akikataa anaitwa mwoga, ama msaliti. Wasichana wanamcheka. Baba mdogo anamuuliza kama damu ya ndugu ni maji. Na mchango wa risasi unadaiwa nyumba kwa nyumba. Huyu mtoto atasimama wapi? Kumwambia tu "achana na vita" ni kumwambia avuke Tana wakati wa mafuriko bila mtumbwi.

Wengi hukimbilia Garissa, Hola ama Nairobi. Sawa, uhai kwanza. Lakini asitoroke kimya kimya, maana anayetoweka usiku wa mapigano hushukiwa na pande zote mbili. Awepo mzee mmoja anayejua alipo, na akiulizwa aseme, "Ni mimi niliyemtoa."

Kikundi kinaweza lile ambalo kijana peke yake hawezi. Wanachama wote wakikubaliana mbele ya wazee kwamba hakuna atakayetoa shilingi wala mbuzi kwa ajili ya silaha, kukataa hakutakuwa tena aibu ya mtu mmoja. Hapa akina mama wana nguvu kuliko wanavyodhani, kwa sababu sifa na matusi huanzia nyumbani.

Je, kama tayari ana bunduki? Kuwa nayo bila kibali ni kosa la kufungwa jela. Hata hivyo asiibebe peke yake hadi kituoni, anaweza kupigwa risasi njiani. Wazee na chifu wapange kwanza siku na mahali pa kuikabidhi.

Halafu kazi. Pesa taslimu mkononi siku ya kwanza si busara (tunajua zinakoishia). Afadhali mbuzi watatu wa kunenepesha wakati nyasi zipo, wauzwe soko la Garissa kabla kiangazi hakijakaza. Mkulima wa upande wa pili ana mabua ya mahindi baada ya mavuno. Kijana ana mbuzi na samadi. Hao wawili wakifanya biashara, kila mmoja ana sababu ya kumpa mwenzake habari mapema mambo yakianza kuchacha.

Katika mkutano wenu ujao jadilianeni: Kijijini kwetu, kijana akikataa kwenda huitwa nani? Nani alianza kumwita hivyo? Na akibisha hodi usiku wa leo, ni mlango wa nani utakaofunguliwa?