Gramu za Hewa kutoka Kitonga hadi Uyole

Lita moja ya hewa ya Dar es Salaam, mchana wa nyuzi 30, ina uzito wa takriban gramu 1.16. Lita hiyohiyo Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 na siku ya nyuzi 20, ina karibu gramu 0.98. Ujazo haujabadilika, lakini hewa imepungua kwa asilimia 15. Injini haiwezi kuikwepa hesabu hiyo, kwa sababu kinachoungua ndani ya silinda ni gramu, si lita.

Naanzia kwenye gramu makusudi. Kuna swali ambalo wenye magari wa Nyanda za Juu Kusini huwauliza mafundi kila mara, na bila gramu halijibiki. Sensa ya hewa imekufa, imetafutwa nyingine ya mtumba kutoka gari la aina nyingine, soketi imeingia, skrubu mbili zimekaa, gari limewaka. Kwa nini basi halina nguvu mlimani?

Tuijenge taratibu. Petroli ni kaboni na haidrojeni, na kila atomu ya vitu hivyo inahitaji idadi maalumu ya atomu za oksijeni ili iungue ikaisha. Ukifanya hesabu ya uzito, gramu 1 ya petroli inahitaji karibu gramu 3.4 za oksijeni, na kwa kuwa hewa ni oksijeni kwa asilimia 23 tu ya uzito wake, unahitaji gramu 14.7 za hewa. Mafuta yakizidi hapo, moshi mweusi. Hewa ikizidi, injini inamisi na kupoteza nguvu, na ukiwa umekanyaga mafuta yote, joto na mgongano ndani ya silinda vinaweza kutoboa pistoni.

Sasa chukua injini ya lita 1.5, kama ile ya Toyota IST, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo ikijaa vizuri kiasi huvuta kama lita 30 kwa sekunde. Dar hizo ni gramu 35, na petroli yake ni gramu 2.4. Mbeya ni gramu 29, na petroli yake ni gramu 2. Dereva hajui lolote kati ya haya. Mguu wake umekaa palepale. Lazima kuwe na kitu kinachopima.

Vipimo vya kwanza vilivyoenea, vya Bosch miaka ya 1970, vilikuwa kibao chenye springi kinachosukumwa na hewa. Kibao hicho kilikuwa karibu zaidi na debe kuliko mizani. Mkulima wa viazi wa Iringa au Mbeya anaijua hasara ya kupimiwa kwa ujazo: lumbesa ni gunia moja, ila kilo zake ni nyingine kabisa, na ndiyo maana sheria ya vipimo inataka mizani. Kibao nacho kilidanganyika hewa ilipokuwa nyepesi, kikahitaji kusaidiwa na vipimo vingine.

Mizani ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, nayo ni waya. Katikati ya ea klina na throto, hewa inapita kwenye waya wa platinamu ambao katika sensa za awali ulikuwa na unene wa maikromita 70, kama unywele. Sakiti inaupasha mpaka joto lake lizidi la hewa inayopita kwa kiwango kisichobadilika, nyuzi 100 na zaidi. Hewa inaupoza, sakiti inaongeza umeme kuurudisha. Kila molekuli inayougusa huondoka na joto kidogo, kwa hiyo hewa ya Mbeya, yenye molekuli chache katika kila lita, huupoza kidogo kuliko ya Dar ikipita kwa kasi ileile. Waya unahesabu gramu bila kuambiwa gari liko mwinuko gani. Mimi naona huu ni miongoni mwa ubunifu mzuri kuliko wote uliomo chini ya boneti.

Hesabu yake ni ya zamani kuliko kompyuta za magari. Mwaka 1914 mwanafizikia Louis Vessot King, wa Chuo Kikuu cha McGill kule Kanada, alionesha jinsi joto linavyoondoka kwenye waya uliomo ndani ya mkondo: kuna sehemu isiyobadilika, na sehemu inayokua kwa kipeuo cha pili cha mtiririko. Nguvu ya umeme nayo inakua kwa mraba wa volti. Ukiigeuza hesabu ili upate hewa kutokana na volti, unakuta hewa inakua karibu na kipeo cha nne cha volti. Maana yake gereji ni hii: volti zikikosewa kwa asilimia 2, yaani 2.50 zikasomeka 2.55, hewa inakosewa kwa asilimia 8 au zaidi. Waya wa hasi ulioshika kutu kwenye boli yake unatosha kuleta kosa hilo. Kabla ya kuilaumu sensa, safisha boli.

Kompyuta yenyewe haioni hewa. Inapokea volti, halafu inatazama jedwali lililoandikwa kiwandani: volti kadhaa ni gramu kadhaa kwa sekunde. Ikipata gramu inagawa kwa 14.7, inafungua nozeli kwa milisekunde zinazostahili. Inaliamini jedwali hilo moja kwa moja, na jedwali ni la sensa moja ikiwa ndani ya mrija mmoja.

Mrija una uzito mkubwa katika habari hii, na mara nyingi husahaulika. Waya hauonji hewa yote. Unaonja ile inayopita juu yake tu. Hamisha sensa kutoka mrija wenye kipenyo cha milimita 60 kwenda wa milimita 70, na eneo linakua kwa 70 mara 70 gawanya kwa 60 mara 60, yaani mara 1.36. Gramu zilezile 29 zinapita polepole zaidi, waya unapoa kidogo, na kompyuta inasoma gramu 21 na ushei. Inatoa petroli ya gramu 21. Uwiano halisi unakuwa 20 kwa 1, na gari linakohoa. Hata kona ya mrija karibu na sensa hubadilisha kipimo, kwa sababu hewa inayotoka kwenye kona haipiti sawasawa pande zote.

Hapo fundi atasema: lakini kuna sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, nayo hurekebisha. Ni kweli. Ikinusa hewa imezidi, kompyuta inaongeza mafuta, na marekebisho yakidumu inayaweka kwenye kumbukumbu. Ila uwezo huo una mpaka, katika magari mengi karibu na asilimia 25, na ukivukwa taa ya injini inawaka na mashine inasoma P0171, hewa imezidi. Kosa la asilimia 36 litajitangaza. La asilimia 15 halitajitangaza. Taa haiwaki, gari linatembea vizuri tambarare ya Mafinga na Makambako, mwenyewe anashukuru. Kwangu mimi hili dogo ndilo la kuogopwa.

Nitaeleza kwa nini, na mahali pa kueleza ni Kitonga. Unatoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto na mibuyu, mwinuko bado mdogo na hewa bado nzito, na mlima unaanza. Gari limejaa abiria na vitunguu, liko gia ndogo nyuma ya lori, mguu umezama. Kwa kawaida mguu ukizama hivyo, kompyuta inaacha kuisikiliza sensa ya oksijeni, kwa sababu sasa inataka mafuta mengi kidogo kuliko 14.7 ili kupoza silinda. Baadhi ya kompyuta hubeba marekebisho yaliyohifadhiwa hadi huko, nyingine huyaacha. Pale mrekebishaji anapohitajika kuliko mahali pote, huenda hayupo.

La pili ni zito zaidi. Kompyuta huitumia hesabu ya hewa pia kuamua cheche ya plagi itoke mapema kiasi gani. Hewa kidogo, mzigo mdogo, cheche mapema. Hewa nyingi, cheche ichelewe. Sensa inayosoma pungufu inaiambia kompyuta kwamba mzigo ni mdogo, na cheche inatoka mapema mno kwenye silinda iliyojaa. Injini inagonga. Sensa ya oksijeni haina habari na cheche; inanusa ekzosi tu. Injini nyingi zina sensa ya kusikia mgongano, nayo itarudisha cheche nyuma, lakini huo ni ukuta wa mwisho.

Kwa sababu hiyohiyo siikubali njia ya mkato ambayo baadhi ya watu huitumia: kuacha jedwali la hewa lilivyo na kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wa nozeli, mpaka mafuta yakae sawa. Mafuta yatakaa sawa, ndiyo. Mzigo utabaki wa uongo, na cheche pamoja nao.

Kazi ya haki ni kuliandika jedwali upya. Inaanza na kuziba hewa ya wizi, ile inayoingia kwenye manifoldi kupitia mpira uliopasuka bila kupita kwenye sensa. Kuitofautisha na kosa la sensa si vigumu. Hewa ya wizi inaonekana sana gari likiwa sailensa, kisha inafifia ukikanyaga mafuta, kwa sababu tundu dogo si kitu mbele ya mkondo mkubwa. Kosa la mrija linabaki kwa asilimia ileile popote unapotazama.

Kisha unaingia barabarani na kompyuta mpakato iliyounganishwa, injini ikiwa imepata moto. Kipande cha Iringa hadi Mafinga kinafaa kwa mwendo wa kushikilia. Unarekodi volti za sensa pamoja na marekebisho ya mafuta, ukikaa kila hatua mpaka namba zitulie. Ikiwa kwenye volti 2.0 kompyuta inaongeza asilimia 18 kwa jumla, thamani ya hewa pale kwenye jedwali izidishe kwa 1.18. Fanya hivyo kila mahali ulipopata data ya kutosha, halafu unganisha nukta ziwe mstari laini, maana umbo la waya ni lile la King na halina mabonde. Nukta inayoruka peke yake ni kosa la kurekodi. Rudia mpaka marekebisho yashuke ndani ya asilimia chache.

Sehemu ya juu ya jedwali haifikiki hivyo, kwa kuwa huko sensa ya kawaida ya oksijeni inajua tu kwamba mafuta yamezidi, haijui kwa kiasi gani. Inahitajika sensa ya lambda ya upeo mpana, inayosoma uwiano kamili. Kompyuta ikilenga 12.5 na sensa ikasoma 15, gawanya 15 kwa 12.5, zidisha kwa 1.20. Ila usikanyage kwa muda mrefu ukitafuta namba hiyo: sekunde chache, achia, soma, rekebisha, ndipo urudie.

Hapa kuna jambo ambalo fundi wa pwani hana haja ya kuliwaza na fundi wa Mbeya hawezi kulikwepa. Injini ikiwa Uyole, Mbeya, haivuti hewa inayoivuta Dar, hata ukanyage vipi. Imepungukiwa asilimia 15, kwa hiyo mistari ya mwisho ya jedwali haiguswi kabisa wakati wa majaribio. Unaweza kumkabidhi mtu gari lililopimwa vizuri Mwanjelwa na Mlima Nyoka, akashuka nalo Morogoro, na kwa mara ya kwanza injini ikaingia kwenye namba ambazo hakuna aliyezithibitisha. Dawa ipo karibu: Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, iko karibu mita 500 tu juu ya bahari. Jaribio la mwisho lifanyikie huko au Ruaha Mbuyuni, na mistari inayobaki juu yake iendelezwe kwa kufuata mkunjo uleule, si kwa kukisia.

Kompyuta nyingine hazifunguki kwa urahisi, na kwa hizo huuzwa visanduku vya kukaa katikati ya sensa na kompyuta na kugeuza volti. Hesabu haibadiliki: kisanduku kinachogeuza volti kwa asilimia ileile tangu mwanzo hadi mwisho hakiwezi kulingana na mkunjo wa King, kwa sababu ya ile sehemu yake isiyobadilika.

Mwenye gari lisilobadilishwa injini wala mrija hahitaji haya yote. Atafute sensa yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye ile ya zamani, na kabla ya hapo aisafishe ile aliyonayo kwa dawa ya kupuliza ya sensa, bila kugusa waya kwa kidole wala kitambaa. Vumbi la barabara zetu likigandamana kwenye waya hulifanya kosa lilelile la kusoma pungufu. Lakini ukishabadilisha injini au mrija, na fundi akakwambia amelipima gari, usiridhike na kuonyeshwa gari likiwaka. Mwombe akuonyeshe namba za mchanganyiko zilizorekodiwa mguu ukiwa umezama mlimani, na akutajie mlima gani na mwinuko gani. Fundi aliyeifanya kazi atakuwa nazo.