Dondoo muhimu: Kitabu cha picha cha kusoma wawili

Kabla ya kulipia kitabu, mzazi afungue kurasa tatu palepale dukani na kuzisoma kwa sauti. Ulimi ukikwama, akirudishe rafuni. Maana mtoto akikipenda atakidai kila usiku.

La kuangalia zaidi ni iwapo picha zinasema yale yaliyonyamaziwa na maneno. Katika Handa's Surprise cha Eileen Browne (1994), hadithi inayotokea Kenya, Handa anampelekea rafiki yake Akeyo matunda saba kikapuni. Maandishi yanajiuliza tu Akeyo atapenda lipi. Kumbe kichwani pa Handa tumbili anachomoa ndizi, mbuni pera, tembo embe! Mtoto asiyejua hata herufi moja ndiye huwaona wezi kwanza, na mkubwa aliyezama kwenye maandishi huonyeshwa kwa kidole. Rosie's Walk cha Pat Hutchins (1968) kina mchezo huohuo: mbweha yumo pichani, hatajwi popote.

Walio chini ya miaka miwili wapewe kurasa ngumu za kadibodi, maana za karatasi wataziweka mdomoni.

Pesa zikibana, tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili zenye picha, bila malipo.