Wibari Hana Pembe

Somo kwa wazazi na walimu wa Sande skuli
Soma: Mithali 30:24-28, Luka 13:31-34, Waefeso 6:10-18

Mwezi huu watoto wa darasa langu wanajifunza juu ya wanyama na jinsi Mungu alivyompa kila mmoja ulinzi wake. Ni somo wanalolipenda kweli kweli, hakuna anayeuliza tunatoka saa ngapi. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo si la watoto hata kidogo. Ni letu sisi watu wazima, ndiyo maana naliandika hapa.

Wao wanapenda nungunungu. Karibu wote wanaamini ati nungunungu hurusha miiba kama mishale. Si kweli. Akibanwa humwendea adui kinyumenyume, na miiba hung'oka ikimchoma. Halafu kuna kobe. Wengi hudhani gamba ni nyumba anayoingia na kutoka, kumbe mbavu na uti wake wa mgongo vimeungana nalo. Hawezi kulivua Jumatatu asubuhi akalivaa tena Jumapili. (Kuna wakubwa wanaohitaji hilo kuliko watoto, lakini tuendelee.)

Sasa angalia Aguri katika Mithali 30. Akitafuta viumbe vidogo vyenye akili, hakumtaja nungunungu wala kobe. Alimtaja wibari, yule wengine tunamwita pimbi. Ukienda Hell's Gate kule Naivasha utawakuta juu ya mawe wakiota jua, wakubwa kama sungura hivi. Hawana pembe, hawana miiba, na tai mweusi anawapenda kuliko chakula kingine chochote. Wanaishije basi? Wengine wakila, mmoja anakaa juu akilinda. Akiona hatari analia, na wote wanakimbilia ufa wa mwamba. Mambo ni hayo tu: yuko anayelinda, yuko anayepaza sauti, na mwamba uko karibu.

Huku kwetu hatuhitaji kwenda Naivasha. Mitaa ya Kayole na Dandora ina mwewe juu na kuku chini. Umewahi kumtazama kuku mwenye vifaranga mwewe akizunguka? Anatoa sauti ya pekee, si ile ya kuitia chakula, na vifaranga hawaulizi kwa nini. Wanaingia chini ya mbawa. Katika Luka 13 Bwana Yesu anaambiwa kwamba Herode anataka kumuua. Anamwita Herode mbweha, na mistari miwili tu baadaye anajifananisha mwenyewe na kuku. Mbele ya mbweha angeweza kusema simba. Alichagua mnyama ambaye kazi yake ni kuweka mwili wake kati ya hatari na watoto.

Hapo ndipo naomba tufikiri juu ya silaha za Waefeso 6. Tunawakatia watoto ngao na chapeo za katoni, wanasimama mbele ya kanisa, tunapiga makofi. Ni vizuri. Lakini Paulo hakumwandikia mtoto mmoja. Biblia yetu ya Kiswahili inasema wazi: “vaeni”, ninyi nyote. Askari wa Kirumi walikuwa na mtindo wa kuunganisha ngao zao mbele, kando na juu ya vichwa, wakasonga pamoja. Kwa Kilatini waliuita kobe. Ngao moja haikutengeneza kobe. Hata nyati hapa Nairobi National Park wanajua: simba akija, ndama hawatumwi mbele kupigana. Wakubwa wanageuka na pembe zao, ndama wanabaki nyuma.

Sasa nifike penye uzito. Kuna mnyama mwingine ambaye ulinzi wake unanisumbua, naye ni swala. Mtoto wa swala siku za kwanza hulala kwenye nyasi bila kusogea, bila kulia. Mama humlamba asibaki na harufu ya kumvuta adui, kisha huenda mbali kula. Kimya chake kinamwokoa, kwa sababu mama anajua alipomlaza na lazima atarudi.

Watoto wetu wanapoumizwa wanafanya hivyo hivyo. Wananyamaza. Mtoto aliyekuwa msemaji anaanza kukojoa kitandani, hataki tena kwenda kwa jirani fulani, anashtuka akiguswa. Na kimya hiki hakimwokoi yeye. Kinamlinda adui. Mathayo 7:15 inatuonya juu ya mbwa-mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo, na katika ploti zetu ngozi hiyo inaweza kuwa ya mjomba, ya mwalimu wa tyusheni, ya kaka wa mlango wa tatu, hata ya mtu wa kwaya. Tunakemea pepo wabaya usiku kucha, na tuendelee kukemea. Lakini kukemea bila kuangalia nani ana ufunguo wa nyumba ni kuacha mwamba bila mlinzi.

Kwa hivyo darasani tunafundisha kuomba, na pia tunafundisha kupaza sauti. Tunawaambia: mtu mzima akisema “usimwambie mama”, hiyo ndiyo ya kumwambia mama kwanza. Kutii wakubwa hakumaanishi kunyamaza. Na wewe mzazi, mtoto akikuambia, usimpige kofi ati anamharibia mtu jina. Usimuulize alikuwa anatafuta nini huko. Msikilize, mpeleke hospitali kabla hajaoshwa, nenda polisi. Ukikwama, piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Mambo haya ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Hayamalizwi kwa kikao cha wazee na chai, hata kama mshtakiwa anatoa zaka kila mwezi. Najua kuna watakaosema tunachafua kanisa. Mimi naona kinachochafua kanisa ni kile kinachofichwa.

Kazi ya wiki hii katika ushirika wa nyumbani: someni Luka 13:31-34 pamoja na watoto, wao wenyewe wasome. Kisha kila mtoto ataje watu wazima watatu anaoweza kuwakimbilia akiogopa, mmoja asiwe wa nyumbani kwake. Asilazimishwe kutaja jina lako. Akikosa kufikisha watatu, viongozi wa ushirika wanijulishe kabla ya Jumapili, tukae na familia hiyo.