Mvuvi Mgeni Akiugua: Haki Yake na Wajibu Wetu

Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda. Mbuta na omena hawajui mpaka, na wavuvi huwafuata. Ndiyo maana katika fuo zetu, kama Dunga, Usoma na Ogal, unaweza kukutana na kijana kutoka Uganda, au kutoka Rorya nchini Tanzania, ambako Kidholuo huzungumzwa kama hapa kwetu. Huenda hakuna atakayejua ni mgeni hadi afike zahanati na kuulizwa kitambulisho.

Je, asipokuwa nacho arudishwe? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu, si kila raia, ana haki ya huduma za afya, na kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mama mwenye uchungu wa kuzaa au mgonjwa wa kipindupindu hahojiwi uraia kwanza.

Ugumu uko kwa yule asiye na dharura. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na usajili wahitaji hati ambazo mgeni wa msimu mmoja huenda hana. Muuguzi ana dawa chache na foleni ndefu, na wenyeji wananung'unika kwamba dawa zao zinawaishia wageni. Manung'uniko hayo si ya kupuuzwa: mgao wa fedha za kaunti hutegemea idadi ya watu, na sensa ya 2019 ilihesabu wakaazi 1,155,574. Aliyekuja juzi hamo. Hata hivyo, foleni ya wagonjwa hupangwa kwa uzito wa ugonjwa.

Tuchukue kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma. Mvuvi akizikatiza kwa kuogopa kuulizwa karatasi, ugonjwa unaweza kuwa sugu, na wanaolala naye banda moja wakaambukizwa. Hao ni watoto wetu.

Ukiwa na mgeni anayetumia dawa za kifua kikuu au VVU, mwambie aje na kadi ya kliniki aliyotoka na aeleze mapema anahama lini, ili aandaliwe dawa na barua ya kituo kinachofuata. Viongozi wa BMU na wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kumsindikiza. Ila ugonjwa ni siri yake: mwenye mashua hana ruhusa ya kumuuliza muuguzi mfanyakazi wake anatibiwa nini, hata kama ndiye aliyelipa bodaboda.